Ratiba Isiyokuwa na Jina la Bibi

Mlezi wa chama chetu aliponiambia niandike habari za kazi ya elimu na maisha ya nyumbani, nilitaka kukataa. Yeye kisa changu alikwisha kukisikia, tena ofisini, nami nikiwa nalia. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na mimi ilininyea hadi nguo zikanigandama mwilini. Basi nitegeeni masikio.

Kwanza nianze na jambo ambalo sisi wa kidato cha tatu tunalala nalo na kuamka nalo. Sisi ndio tuliofanya mtihani wa K.C.P.E. wa mwisho, mwaka 2023. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili. Ukipita madarasani mwaka huu wa 2026 utawakuta kidato cha nne, utatukuta sisi, kisha utawakuta Gredi ya 10 wa mtaala mpya, ambao vitabu vyao si vyetu na mitihani yao si yetu. Zamani mtu akianguka aliweza kurudi nyuma darasa moja akajaribu tena. Sisi tukianguka K.C.S.E. mwaka 2027 hakuna darasa la kutupokea. Walimu wametuambia hivyo kwenye gwaride, wazazi wametuambia, hata muuza kahawa wa pale kwetu Kibokoni ameniambia huku akigonga vikombe vyake. Sasa niambieni, msichana wa miaka kumi na sita akipewa maneno hayo kutwa mara tatu kama dawa, atalala?

Mimi sikulala.

Isitoshe, nina tamaa ya kuwa profesa. Msicheke. Kila asubuhi nikienda shule napita Ndia Kuu, natokea Fort Jesus, na karibu na ngome hiyo pana makaburi ya Wamazrui. Hapo ndipo alipozikwa Profesa Ali Mazrui mwezi wa Oktoba 2014, aliporudishwa kutoka Marekani alikofia. Wakati huo nilikuwa na miaka minne. Bibi asema alinibeba kiunoni tukaenda kuangalia kwa mbali watu walivyojaa, nami nikawa nalilia barafu.

Profesa huyu alizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1933. Siku mwalimu wetu wa Historia alipotuambia kwamba katika mtihani wa Cambridge mtu huyu alipata daraja la tatu tu, akakosa nafasi ya kwenda Makerere, darasa zima liliguna. Alifanya kazi ya ukarani katika kile chuo cha Waislamu ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hadi Gavana Philip Mitchell alipomsikia akihutubu kwenye Maulidi na milango ikaanza kufunguka. Akasoma Manchester, akasoma Columbia, akasoma Oxford. Na Makerere ile ile iliyokosa nafasi yake, aliingia mwaka 1963 kwenda kufundisha, akawa profesa. Wenzangu waliposikia hayo walifurahi kwamba kumbe daraja la tatu si kifo. Mimi nilitoka darasani na fikira nyingine kabisa. Nilijiambia, mtu huyu lazima alikuwa halali usiku.

Mfano wangu wa pili uko nyumbani. Shangazi yangu, dadake Baba, ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma huko bara, na huku akifundisha yuwaandika tasnifu yake ya uzamifu. Huja kwetu mwisho wa mwezi na mizigo miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa karatasi za mitihani za kusahihisha, na ule wa karatasi ndio mzito. Mtoto wake wa kiume wa miaka minne anaishi na sisi. Mtoto huyo humwita Mama yangu "Mama", na mamake mzazi humwita "Shangazi", kwa kuwa sisi watoto wote wa nyumba ndivyo tumwitavyo. Tulikuwa tukimcheka. Shangazi naye alikuwa akicheka pamoja nasi, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai malimbikizo yao ya shilingi bilioni 7.9, na mgomo ule ukachukua siku 49. Shangazi akaja kukaa. Wiki ya kwanza aliamka saa kumi za alfajiri kama desturi yake, akakaa ukumbini na tasnifu yake, na ole wake mtoto atakayeangusha sufuria. Wiki ya pili mtoto alimvuta leso akamwambia ataka kuona meli. Wakaenda Mama Ngina wakala mihogo na madafu, wakahesabu meli zinazoingia Kilindini. Kesho yake wakaenda tena. Pesa zilikuwa za kuhesabu, kwani mgomo si likizo, na usiku nilikuwa nikimsikia akizungumza na Baba kwa sauti ya chini habari za kodi ya nyumba yake huko bara. Hata hivyo, kufikia wiki ya tano mtoto alikuwa akimwita "Mama Shangazi". Siku mgomo ulipokwisha, tarehe 5 Novemba, Shangazi alifunga mizigo usiku ule ule, maana masomo yaliyopotea yalitakiwa yalipwe kwa haraka. Mtoto alisimama mlangoni na kandambili moja mguuni, ile nyingine ameishika mkononi, akidhani naye yuwaenda.

Mimi niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Na katika siku zote hizo 49 jambo nililolichukua ni ratiba ya Shangazi, ile aliyoibandika ndani ya jalada la daftari lake. Niliinakili neno kwa neno, nikabadilisha masomo tu.

Januari tulipofungua shule nikaibandika ukutani, juu ya kitanda, kwa wino wa rangi tatu. Bibi akapanda dari kuja kuniona. Bibi yangu husoma Kurani, tena husoma na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa na babake, lakini herufi hizi zetu hazijui.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Saa kumi alfajiri, Hesabu. Saa kumi na moja unusu, Kemia. Saa kumi na mbili unusu, kwenda shule. Saa kumi na moja jioni, Bayolojia. Saa moja, chakula, dakika kumi. Saa moja na dakika kumi, Kiingereza. Saa tatu, Fizikia. Saa nne unusu, Historia. Saa sita, kulala.

"Basi?"

"Basi, Bibi."

"Mimi jina langu sijalisikia."

Nikacheka. "Bibi, hii ni ratiba ya masomo."

"Na chakula nacho ni masomo? Chakula kimepata dakika kumi. Mimi sina hata moja."

Nikaona nimjibu kwa methali, maana ndiyo kazi tunayofundishwa katika chama hiki. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka. Bibi akatikisa kichwa. "Ni kweli, mwanangu. Na aliyeshika moja tu, hiyo ikimponyoka, hubakiwa na nini?" Akashuka ngazi polepole, mkono ukutani. Mimi nikatazama saa nikaona nimekwisha kupoteza dakika saba za Bayolojia.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe, wapenzi wasomaji, na mkono wangu wazito kuandika.

Bibi ana maradhi ya presha ya macho. Hayaumi, na huo ndio ubaya wake. Daktari alimpa dawa ya kutia tone moja kila jicho, kila usiku saa tatu. Mikono ya Bibi hutetemeka. Mama wakati huo huwa ndiyo kwanza anakusanya meza yake ya viazi karai pale mlangoni, na Baba huwa kazini bandarini kwa zamu. Kwa hiyo tangu nikiwa darasa la saba kazi ya kumtia Bibi dawa ni yangu. Bibi hulala chali, mimi humfungua jicho kwa kidole, tone huingia, kisha hufumba macho atulie kidogo. Na katika kutulia huko ndipo hadithi huanza: ndoa za zamani, majahazi ya Bandari ya Kale, nani alimnunia nani mtaani na kwa sababu gani. Dawa ni ya dakika moja, lakini mimi hutoka pale baada ya nusu saa.

Nusu saa ile nikaipigia hesabu. Nusu saa mara saba ni saa tatu unusu kwa wiki. Saa tatu unusu za Fizikia! Nikamwambia, "Bibi, leo jitie mwenyewe, kesho nina mtihani." Akanijibu, "Soma mwanangu, ntajitia." Leo hiyo ikazaa kesho, na kesho ikazaa mtondo. Ramadhani ilipoingia mwezi wa Februari hata futari nilikuwa nachukua sahani yangu, mahamri mawili na bakuli la mbaazi, naipeleka chumbani kwenye vitabu. Bibi hakuniita hata siku moja. Nilipokuwa nikishuka kunywa maji nilimsikia akimwambia mtoto wa Shangazi, "Nyamaza, dadako yuwasoma."

Mtauliza mbona watu wa nyumbani hawakutambua. Chupa ndiyo iliyotudanganya sote. Chupa ilikuwa ikiisha kama kawaida. Bibi alikuwa akijitahidi kila usiku, na matone yalikuwa yakimwangukia shavuni na kwenye leso. Mama akiona chupa imekwisha hununua nyingine, akajua mambo yote ni sawa. Dalili zilikuwapo, ila zilitupita. Jirani mmoja alilalamika kwamba Bibi siku hizi ana maringo, hupita barazani kwao bila ya kuwasalimia. Kumbe baraza lile liko upande wa kushoto, na upande wa kushoto Bibi alikuwa hawaoni.

Baada ya Idi, mwishoni mwa Machi, nilimpeleka kliniki. Daktari akampima, akapima tena, akatazama faili. Akauliza, "Nani humtia dawa?"

Bibi hakusita hata kidogo. "Ni mjukuu wangu huyu. Hakosi usiku hata mmoja."

Daktari akanitazama. Nami nikatazama sakafu. Akaeleza taratibu kwamba presha imepanda na kwamba jicho la kushoto limepungukiwa. Akasema katika maradhi haya kuona kulikopotea hakurudi, ila kulikobaki kwaweza kulindwa. Akaandika dawa ya pili ya kuongeza. Mimi sikutamka neno. Ulimi ulikuwa mzito kama nanga.

Tulipopanda tuktuk kurudi nyumbani nilimwuliza, "Bibi, kwa nini ulisema vile?"

Akaninong'oneza ili dereva asisikie. "Ningelisema kweli ungelia usiku kucha, na kesho una mtihani."

Shule ilipofungwa mwezi wa Aprili, Shangazi alikuja na mizigo yake miwili. Ni yeye wa kwanza niliyemweleza. Nilidhani atanifokea. Alinyanyuka akaenda mpaka ukutani, akaisoma ratiba yangu kuanzia juu hadi chini, mikono nyuma kama anayesimamia mtihani.

"Hii ni yangu," akasema. "Umenakili na makosa yangu yote."

Akaketi kitandani. Akaniambia kwamba ratiba ile aliiandika alipokuwa akisomea shahada ya uzamili, na digrii akaipata, tena nzuri, lakini jino la kwanza la mwanawe aliletewa habari yake kwa simu, na hatua ya kwanza vivyo hivyo. Kisha akaniuliza yule Profesa wangu wa makaburini nilikuwa nimesoma nini chake. Nikasema nilisikia darasani tu. Akacheka. Akaniambia kwamba Profesa Mazrui alikuwa na desturi ya kuandika barua ndefu kila mwaka, akaitawanya kwa jamaa na marafiki. Mihadhara aliyotoa na nchi alizokwenda, humo humo. Mkewe, watoto wake na ndugu zake, humo humo. Na babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuwa mwalimu, tena mwandishi, tena akatoa magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, mwanawe Ali akiwa na miaka 14. Kwa hiyo Ali alilelewa katika nyumba ambayo elimu na watu walipita mlango mmoja.

Shangazi hakudai kwamba watu hao walikuwa wakistarehe. Profesa aliandika vitabu zaidi ya thelathini, na mtu haandiki vitabu thelathini kwa kulala mchana. Alilosema ni kwamba katika barua ile jamaa hawakuwa maelezo ya chini ya ukurasa.

Yeye mwenyewe amekwisha kubadilisha mambo. Ameomba aongezewe mwaka mmoja wa kumaliza tasnifu, na amekubaliwa. Tangu Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni tarakilishi yake haifunguliwi. Mtoto atamchukua waishi naye huko bara shule ya chekechea itakapopatikana. Haya yote yana bei. Kupanda cheo kutachelewa, na mwenzake waliyeanza pamoja amekwisha kumpita. Shangazi aliyasema haya bila ya kuficha, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Nami nina neno la pembeni hapa, Shangazi anisamehe. Yeye aweza kuomba mwaka mmoja zaidi akapewa. Sisi wa kidato cha tatu tumwombe nani? Tena wenzetu wa mabweni wana kengele, ikilia ni masomo, ikilia tena ni kulala, na bibi zao wako mbali hawawaoni. Sisi wa kutwa kengele yetu hulia saa kumi jioni, kisha tunatoka tukakute maji hayajatekwa, mtoto analia, na stima imepotea. Anayesema ni rahisi kupanga saa na aje Kibokoni jioni moja akae ngazini kwetu. Mimi hofu ya 2027 bado ninayo. Haijaondoka kwa sababu nimejuta.

Lakini ile karatasi ya rangi tatu niliichana. Mpya ni ya penseli, kwa maana hufutwa ikabadilishwa. Saa tatu usiku imeandikwa Bibi, na Fizikia imesogea hadi saa tatu unusu. Saa nne unusu ni kulala. Kuamka ni saa kumi na moja. Sasa ni dawa mbili, na kati ya moja na nyingine sharti tungojee, kwa hiyo Bibi akiwa amefumba macho mimi humsomea Historia kwa sauti. Juzi nilimsomea kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Bibi akanikatiza macho yakiwa yamefumbwa. Akasema hiyo ya jela aijua sana, maana yeye na wenzake walipokuwa wadogo wakikataa kulala walikuwa wakitishwa kwamba watapelekwa humo. Akasimulia hayo mpaka dawa ya pili ikachelewa.

Mtihani wa katikati ya muhula wa pili ulipotoka, Historia nilikuwa nimepanda kutoka 66 hadi 78. Fizikia nikashuka kutoka 64 hadi 59, na Hesabu nikashuka alama mbili. Katika darasa nilitoka nambari tano nikawa nambari nane. Ndipo mwalimu wa darasa, ambaye ndiye mlezi wa chama hiki, aliponiita ofisini akaniuliza kuna nini nyumbani. Nikamweleza yote, na yaliyofuata mnayajua.

Baba hununua jarida hili kila mwaka, na hulisoma tangu jalada hadi jalada, hata matangazo. Habari za kliniki anajua zile alizoambiwa na Bibi.

Jana usiku, baada ya tone la kwanza, nilimsomea Bibi maandishi haya yote. Alisikiliza macho yamefumbwa, mikono kifuani. Pale pa ratiba akacheka. Pale pa tuktuk akanyamaza kimya. Nilipomaliza akaniambia nimeandika vizuri, lakini pale pa daktari nipaondoe, maana babako atasoma.

Sikupaondoa.